Johannes Falk wa Weimar, Baba wa Watoto Wasio na Kwao

Katika nyumba zetu nyingi liko sanduku lisilofunguliwa. Limewekwa chini ya kitanda, au juu ya dari penye moshi, na ndani yake zimo nguo za mtoto aliyekufa, au viatu vya wana waliokwisha kukua, au blanketi lililotunzwa kwa ajili ya mgeni asiyekuja. Mama mwenye nyumba anajua kila kilichomo. Wala si choyo kinachomzuia kulifungua. Mara nyingi ni huzuni, na mara nyingine ni mazoea tu. Mwezi huu nimeona vema kuwasimulia habari za mtu mmoja ambaye nyumba yake ilibakiwa na nafasi tupu namna hiyo, naye hakuifunga kwa huzuni, bali aliifungua, yeye na mkewe, ikajaa watoto wa watu wengine. Jina lake ni Johannes Daniel Falk. Wengi wetu tumeimba wimbo wake siku ya Krismasi pasipo kumjua mwenyewe.

Falk alizaliwa tarehe 28 Oktoba 1768 katika mji wa Danzig, penye bandari ya Bahari ya Baltiki. Leo mji huo huitwa Gdańsk, nao umo katika nchi ya Polandi. Baba yake alikuwa fundi wa nywele za bandia, maana siku zile wakubwa wa Ulaya walivaa nywele zisizo zao, tena walizipaka unga mweupe, na kazi hiyo ilimpa fundi riziki yake ingawa haikumpa utajiri. Baba alimtaka mwana amsaidie kazini, akamtoa shuleni angali mdogo. Lakini mtoto alipenda vitabu kuliko nywele. Husimuliwa ya kuwa aliviazima kwa siri, akavisoma njiani usiku chini ya taa ya mji, hata katika baridi kali ya nchi ile, vidole vikiwa vimekufa ganzi. Walimu waliomjua walimwombea kwa baba yake, hata mwisho akaruhusiwa kurudi shuleni, na alipokuwa tayari kwenda katika chuo kikuu cha Halle, wazee wa baraza la mji wa Danzig walikubali kumlipia gharama.

Hapo liko jambo moja lililosimuliwa sana juu yake. Husemwa ya kuwa siku ya kuagana wazee wale walimwambia asidhani ya kwamba amepewa bure. Yeye ni mdeni wao. Na deni hilo asilirudishe kwao, kwa kuwa wao watakuwa wamekwisha kufa, bali siku yo yote mtoto maskini atakapobisha mlangoni pake, na ajue ya kuwa ni wao wazee wa Danzig wenye mvi waliokuja kudai. Basi kijana akaenda zake, na deni lile akalisahau kwa miaka mingi, kama tunavyosahau sisi.

Huko Halle alisoma lugha za kale na maandiko ya Wayunani na Warumi. Mji huo ndio wenye nyumba kubwa ya yatima iliyoanzishwa na mchungaji August Hermann Francke karibu miaka mia kabla yake, lakini Falk alikuwa na nia ya kuwa mtunzi, wala hakuwa na nia ya kulea watoto. Mwaka 1797 alimwoa Caroline Rosenfeld, binti wa Halle, wakahamia Weimar. Mji wa Weimar ulikuwa mdogo, haukufikia watu 10,000, lakini palikaa watunzi walio wakubwa kuliko wote wa Ujerumani: Goethe, na Wieland, na Herder ambaye alikuwa pia mkuu wa wachungaji wa nchi ile. Falk alijuana nao. Kazi yake ilikuwa kuandika maneno ya dhihaka juu ya upumbavu wa watu, na watu walimsoma wakacheka. Sioni ya kuwa kazi hiyo ilikuwa mbaya. Lakini ni kazi rahisi kuliko nyingine, maana mwenye kucheka hana lazima ya kutoa kitu.

Kisha vita vilikuja. Tarehe 14 Oktoba 1806 majeshi ya Napoleon yaliwapiga Waprusi huko Jena na Auerstedt, karibu na Weimar, na askari wa Kifaransa wakauteka mji wakaunyang'anya. Falk alijua Kifaransa vizuri. Akaenda kwa wakubwa wa jeshi, akawa mkalimani wao, na kwa njia hiyo akawaombea raia wengi, mali zao zisichukuliwe na watu wao wasipigwe. Mtawala wa Weimar alimshukuru akampa cheo cha ushauri na malipo ya kila mwaka. Tangu hapo dhihaka zilimpungukia. Aliyekwisha kuona nyumba za jirani zimevunjwa milango hawezi tena kuandika juu ya mavazi ya watu kwa moyo ule ule.

Hata mwaka 1813 ulipofika, mambo yalizidi. Napoleon alikuwa amerudi kutoka Urusi ameshindwa, na mataifa yakamkusanyikia. Tangu tarehe 16 hata tarehe 19 Oktoba walipigana huko Leipzig, watu wapata 500,000. (Wasomaji wa Kilimanjaro wanalijua jina la mji huo, maana ndiko walikotoka wamisionari waliofika kwao mwaka 1893.) Jeshi lililoshindwa lilikimbia kuelekea magharibi, na lililoshinda likalifuata, na nchi yote ya katikati ikaliwa kama shamba lililopitiwa na nzige. Majeshi hayo yalichukua na homa. Watu wa siku zile hawakujua inaenezwaje. Mwaka 1909 mganga mmoja Mfaransa, Charles Nicolle, aligundua huko Tunis ya kuwa homa ile huletwa na chawa, nao chawa hukaa katika nguo. Kwa sababu hiyo nawaomba akina mama wanaotoa nguo wazifue na kuzichemsha kwanza, na kuzianika juani, hata kama zaonekana safi.

Katika nyumba ya Falk homa iliingia vilevile. Katika mwaka huo wa 1813 walikufa watoto wake wanne. Wanne, ndugu zangu, mmoja baada ya mwingine, hata sanduku la mmoja lilipokwisha kuzikwa fundi aliitwa tena kupima lingine. Falk mwenyewe aliugua sana, watu wakadhani atawafuata.

Sasa fikirini nyumba hiyo. Vitanda viko, bakuli ziko, viti vifupi viko, na wenyewe hawapo. Mimi nimeyajua hayo kwa kadiri ndogo. Mtoto wetu wa tatu alikufa kwa surua, na nguo zake zilikaa katika sanduku nyumbani mwetu miaka sita. Hatukukubaliana kuziweka, wala hatukukubaliana kuzitoa. Tulinyamaza tu, na kila mwaka mama yao alizitoa akazianika, akazirudisha. Nimehubiri mara nyingi juu ya kuwapa maskini, nami nikilala juu ya sanduku hilo.

Falk na Caroline hawakungoja miaka sita. Mwaka uo huo, pamoja na mhubiri mmoja wa mji jina lake Horn, Falk alianzisha chama kilichoitwa Chama cha Marafiki katika Shida. Kwanza kiliwasaidia wakulima waliopoteza ng'ombe na mbegu na mapaa ya nyumba. Lakini upesi watoto wakawa ndiyo kazi yake kubwa. Walikuwa wengi mno barabarani: wengine wazazi wamekufa kwa homa, wengine baba ameuawa vitani, wengine wamekwisha kuzoea kuiba ili wale. Walikuja wakabisha mlangoni pa Falk. Ndipo alipolikumbuka lile deni la Danzig.

Aliwaingiza. Watoto wengine walilala katika nyumba yake mwenyewe, wakala mezani pake pamoja na watoto wake waliobaki. Hapo nataka tukae kidogo. Sisi hupenda kumsifu baba wa nyumba, lakini katika jambo hili baba peke yake hawezi kitu. Ni Caroline aliyepaswa kugawa mkate uliokuwa umekatwa kwa watu wachache. Ni watoto wake waliopaswa kusogea kitandani, na kuona mgeni mwenye chawa akishika kitu cha ndugu yao aliyekufa. Binti yake mmoja, Rosalie, baadaye aliandika kitabu cha kumkumbuka baba yake, nacho kinaonyesha ya kuwa binti yule aliyelazimika kushiriki baba na watoto mamia hakumwona kuwa amemdhulumu. Twajua sote ya kuwa si kila nyumba huisha hivyo. Ziko nyumba ambamo watoto wa kuzaliwa huchukia kwa maisha yao yote, kwa kuwa vitu vyao vilitolewa pasipo wao kuulizwa. Mzazi anayetoa shati la mwanawe kwa siri hajatoa yeye, amemnyang'anya mtoto. Heri kuwaita watoto, kuwawekea vitu mbele yao, na kuwaacha wachague wenyewe, hata kama watachagua kidogo kuliko tulivyotaka.

Nyumba moja haikutosha watoto wote, wala Falk hakutaka kujenga boma la kuwafungia. Aliona ya kuwa mtoto hulelewa vema katika nyumba yenye baba na mama na kazi. Basi aliwatafutia wengi nafasi kwa mafundi wa mji na wa vijiji: maseremala, wafua vyuma, washona viatu, waashi. Chama kiliwalipa mafundi ada ya mafundisho, nacho kiliwapa watoto nguo. Wasichana walifundishwa kushona na kusokota na kazi za nyumbani. Siku ya Jumapili wote walirudi nyumbani mwa Falk, wakafundishwa neno la Mungu, wakaimba, wakaulizwa habari zao. Kwa jinsi hiyo mtoto alikuwa na nyumba mbili, ile ya fundi na ile ya Falk, na fundi asiyemtendea vema alijua ya kuwa yuko mwenye kuuliza. Wenye kulea yatima katika sharika zetu wangefaa kulifikiri hilo. Mara nyingi tunampeleka mtoto kwa shangazi au kwa mjomba, tunatoa shukrani, kisha hapana anayekwenda kutazama kama analala mkekani penye mlango au pamoja na wenziwe.

Walioletwa walikuwa mamia. Fedha zilitoka kwa wanachama na kwa marafiki, na zilipopungua Falk aliongeza zake, hata mali yake ikaisha. Watu wa mji hawakumsifu wote. Wengine waliona ya kuwa mtunzi mwenye cheo amejishusha kwa kukaa na wezi wadogo. Naye hakuwafungia wezi wale kwa makufuli na minyororo. Alisema kazi yake ni kufua mnyororo wa ndani, yaani wa moyo, na mtoto aliyetaka kukimbia aliweza kukimbia.

Juu ya kutoa, sisi tuna methali isemayo kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Ni kweli, lakini moyo nao waweza kudanganya. Katika usharika mmoja nilioutumikia zamani tulitangaza siku ya kuwaletea yatima vitu. Vikaletwa vingi sana. Tulipovitazama na wazee tuliona makoti yasiyo na mikono, viatu vya mguu mmoja, sufuria iliyotoboka, na kofia ambayo mwenyewe aliichoka kwa kuwa ilikuwa imeliwa na panya. Watu walikuwa wamesafisha nyumba zao, nao walifurahi kwa sababu nyumba zimekuwa safi. Shemasi mmoja mzee aliniuliza polepole kama tutavipeleka kwa yatima au shimoni. Tukavipeleka shimoni usiku, ili wasione haya. Nadhani tulikosea, ingefaa waone. Kupunguza vitu vya nyumbani ni kazi njema, lakini ni kazi mbili zilizo mbali: kutupa kisichofaa, na kumpa mtoto kile ambacho mtoto wako angekivaa leo.

Katika miaka hiyo ya kazi nyingi Falk alitunga ule wimbo. Aliutunga mwaka wa 1815 au 1816 kwa ajili ya watoto wake wa kulea, wauimbe katika sikukuu kuu tatu: ubeti mmoja wa Krismasi, mmoja wa Pasaka, mmoja wa Pentekoste. Sauti yake aliichukua katika wimbo wa Wakatoliki ambao husemwa ulitoka Sisilia. Baadaye msaidizi wake, Heinrich Holzschuher, alitunga beti nyingine, zote za Krismasi, na kwa njia hiyo umeenea duniani, nasi Walutheri tumeupokea. Wajerumani huuita kwa maneno yake ya kwanza, O du fröhliche. Ni wimbo wa furaha tupu. Aliyeutunga alikuwa amewazika wanne, na walioufundishwa kwanza walikuwa watoto waliovaa nguo za kupewa.

Wala huzuni haikuwa imekwisha kumpata. Mwaka 1819 alikufa mwanawe Eduard, na mwaka 1821 binti yake Angelika, wote wawili wamekwisha kuwa vijana. Katika siku zizo hizo akapoteza na nyumba. Nyumba aliyokaa ilikuwa ya kupanga, na mwenyewe hakutaka tena kelele za watoto wengi, akawaambia watoke. Falk hakuwa na fedha za kujenga. Akapata jengo la kale lililokuwa karibu kuanguka, katika kichochoro ambacho hata leo kina jina la Luther, nalo akaliita Lutherhof, yaani ua wa Luther.

Waliolijenga ni watoto wenyewe. Wale aliowaweka kwa waashi walikuwa sasa waashi, na wale aliowaweka kwa maseremala walikuwa maseremala. Walichonga mihimili, walipandisha kuta, walifua misumari na makomeo, walitengeneza madirisha, na kazi hiyo ilichukua miaka kadha. Mimi hufurahi sana nikifika hapa katika habari zake. Watu walikuwa wamemwuliza mara nyingi faida ya kuwavika nguo na kuwalipia ada watoto wa namna ile, na jibu likawa nyumba yenye paa.

Habari zake zilifika mbali. Johann Hinrich Wichern, aliyefungua mwaka 1833 karibu na Hamburg nyumba ya watoto iitwayo Rauhes Haus, aliijua kazi ya Weimar, naye aliwagawa watoto wake katika jamaa ndogo ndogo, kila jamaa na mlezi wake. Lakini huyo ana habari zake mwenyewe, nami nitaziacha kwa mwezi mwingine.

Falk alikufa tarehe 14 Februari 1826, mwenye umri wa miaka 57. Alizikwa Weimar. Maneno ya kuwekwa kaburini aliyatunga mwenyewe kabla hajafa, nayo yanawaomba watoto wafikao mahali pale wamwombee, ili kwa kuwa yeye aliwapokea watoto, Mungu naye ampokee kama mtoto wake. Sisi Walutheri hatuna desturi ya kuwaombea waliokufa, na baadhi ya walimu watanyosha mkono kuniuliza juu ya jambo hilo. Nitawajibu tukionana. Ninavyodhani, mtu yule alikuwa amezoea watoto kumwombea kila jioni kwa miaka kumi na mitatu, naye hakutaka waache ghafula.

Lile sanduku la nyumbani mwetu tulilifungua mwaka jana, baada ya mavuno. Nguo mbili zilikuwa zimeliwa na nondo. Zilizosalia zilimtosha mtoto mmoja wa kijiji cha pili, anayelelewa na bibi yake, na mdogo wetu ndiye aliyezipeleka.